Kabla ya Mguu Kuna Pua

Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa mmepata bahati, na siwaonei wivu, lakini nitawasema kidogo. Mnakuja na viatu vyeupe na simu yenye picha ya kila msuli wa binadamu. Mgonjwa akilia, mnaangalia simu mjue ni msuli gani unaolia. Sisi tulimwangalia uso. Nimefanya kazi ya kuwasimamisha watu waliovunjika tangu nikiwa msichana mwembamba hadi nikawa nyanya mwenye magoti mabaya kuliko ya wagonjwa wake, yote hayo katika hospitali moja hapa Kericho. Wagonjwa waliniita Mama Mateso. Jina langu ni Moraa, nimezaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, baba akiwa mchumaji aliyetoka Kisii na kikapu na hakurudi kwao.

Mtu aliyenifunza kazi alikuwa Bwana Ouma, mtu wa upande wa ziwani, mrefu, mwenye koti lililofura mfuko mmoja. Kwenye huo mfuko alikuwa na ndimu. Siku ya kwanza nilidhani ni ya chakula chake cha mchana. Kumbe mgonjwa akisimamishwa na kuanza kumeza mate na kubadilika rangi, Ouma alikuwa anaikwaruza ndimu kwa ukucha, anaipitisha chini ya pua ya mgonjwa, na yule mtu anapumua, anarudi duniani. Nilimuuliza hiyo ni dawa gani. Akaniambia, "Moraa, kabla ya mguu kuna pua. Mtu akiingia hapa, pua ndiyo inamwambia akimbie ama akae."

Alikuwa anasema kweli. Chumba chetu cha mazoezi kilinuka dawa ya sakafu, dawa ya kuchulia, na jasho la watu wenye hofu. Mgonjwa alikuwa anaanza kutapika akiwa bado mlangoni, hata hajaona vile vyuma viwili vya kushikilia.

Siku hizi jambo hilo lina jina refu. Linaitwa tiba ya manukato, kuna chupa ndogo za mafuta, na ukimaliza mafunzo unapewa cheti. Nilipotumwa mafunzo hayo Ouma alikuwa ameshastaafu, na nilimpigia simu kumweleza. Akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hivyo wamepatia ndimu yangu cheti," akasema.

Nilirudi kutoka mafunzoni nikiwa hatari. Mtu mwenye cheti kipya asiachwe peke yake na birika. Nilitaka chumba kizima kinukie, kwa hiyo nikachukua birika la umeme, nikatia maji, nikatia matone ya mafuta ya mkaratusi, ule mti wa kuni ambao hapa tunauita bluegum, nikaliwasha likafuka. Chumba kikanukia vizuri sana. Tatizo ni kwamba lile birika lilikuwa ndilo la chai ya wafanyakazi.

Nawaambia ukweli, hapa Kericho unaweza kuchelewa kazini ukasamehewa. Unaweza kugombana na mkubwa wako ukasamehewa. Lakini kuharibu chai, na mashamba ya chai yanakuangalia kupitia dirishani, hilo ni jambo lingine kabisa. Tulilisugua birika kwa majivu, tukalisugua kwa siki, na chai ikaendelea kuwa na bluegum. Muuguzi mmoja alionja, akaweka kikombe chini polepole, akasema, "Hii chai kuni haikuwa chini ya sufuria. Ilikuwa ndani." Hawakunisalimia kwa muda.

Lakini nilijifunza. Usichemshe. Usinukishe chumba kizima, maana kitanda cha pili kuna mtu wa pumu, na cha tatu kuna mama mja mzito asiyetaka kusikia harufu ya kitu chochote. Tone moja kwenye pamba, kwa mtu mmoja, mbali kidogo na pua, basi. Na kabla ya hiyo pamba, pima presha. Harufu haipandishi presha iliyoshuka, na haiungi mfupa. Dawa za maumivu zibaki pale pale daktari alipoziandika. Pamba inamsaidia mtu avuke ile dakika mbaya ya kuinuka, na dakika hiyo ndiyo inayowashinda wengi.

Sasa niwaambie habari za Mzee Too.

Mzee Too alikuwa mkulima wa chai kutoka Kimulot, kule juu karibu na msitu wa Mau. Aliteleza kwenye matope akimfukuza ndama aliyeingia kwenye chai, akavunja nyonga, akafanyiwa upasuaji, akaletwa kwangu. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa heshima, mwenye masharubu yaliyochanwa hata akiwa na nguo za wodini. Nilimwambia lengo letu ni atembee. Akanikatiza.

"Kutembea ni yenu, taktari. Mimi nataka kusimama."

Akanieleza. Binti yake Chebet alikuwa amechumbiwa na kijana wa Bomet. Koito, yaani ile siku ambayo watu wa kijana wanakuja nyumbani kwa msichana na familia mbili zinakubaliana, ilikuwa imeshapangwa. Mwisho wa koito baba ya msichana huchovya kidole kwenye siagi ya ng'ombe, huwapaka wawili hao kwenye paji la uso, na kuwapaka wakwe. Bila hiyo siagi watu wamekula tu wakaenda. Na Mzee Too hangepaka akiwa ameketi.

"Kuahirisha?" nilimuuliza.

"Watu wa Bomet walisha-print kadi."

"Basi ndugu yako akusimamie."

Hapo ndipo nilipogusa kidonda. Ndugu yake mdogo, Joel, alikuwa ameshaambiwa na ukoo akae tayari. Na Joel, bila kungoja kuulizwa mara ya pili, alikuwa ameshanunua kofia. Alikuja kumwona mgonjwa akiwa ameivaa, kofia ya kahawia yenye utepe, akaketi kando ya kitanda akisema, "Kaka, wewe pumzika tu." Mzee Too aliitazama hiyo kofia jinsi mtu anavyotazama mbwa aliyeingia jikoni.

Kwa hiyo nia alikuwa nayo. Tatizo lilikuwa tumbo. Kila tukimwinua kutoka kwenye kiti, maumivu yanapanda, kichefuchefu kinapanda nyuma yake, jasho linamtoka, anashika kibeseni, na kazi ya siku imekwisha. Nikaleta sanduku langu la chupa.

Jambo moja ambalo hamtalisoma kwenye simu ni hili: usimuulize mgonjwa kama harufu ni nzuri. Atakujibu ni nzuri ili usikasirike. Muulize inamkumbusha nini. Nilianza na lavenda, ambayo mwalimu wetu wa mafunzo alisema inatuliza kila mtu. Mzee Too alivuta mara moja akafumba macho.

"Hii ni gari ya mheshimiwa," akasema. "Alinipatia lift moja tu. Nilitapika kabla tufike Litein. Toa hii kitu."

Niliifunika haraka, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeshaanza kutafuta kibeseni. Nikampa mkaratusi.

"Hii ni kuni. Taktari, mimi nimepanda bluegum eka mzima nyuma ya nyumba, nauzia factory ya chai. Sikuja mpaka Kericho kunusa kuni."

Tangawizi aliikubali, lakini akasema inamletea njaa, na chakula chetu cha hospitali hakiliki. Ndimu, heshima zote kwa Bwana Ouma, akasema ni sabuni ya vyombo. Nilikuwa nimeanza kukasirika. Mimi ni mtu wa kukasirika haraka, hata mume wangu alisema hivyo mbele ya mchungaji siku ya harusi yetu. Nikatia tone la mnanaa kwenye pamba na kumsogezea bila neno.

Alivuta mara moja. Akavuta tena. Mabega yakashuka.

"Hii ni kanisa," akasema.

"Kanisa namna gani?"

"Mhubiri wetu ni mrefu. Anaweza kuanza na Adamu na bado hajafika kwa Nuhu na watoto wanalia. Mimi niko mbele, siwezi toka, watu wananiangalia. Kwa hivyo naweka minti kwa mfuko ya koti. Nikiona siwezi tena, naweka moja kwa mdomo, naambia roho yangu: vumilia, imebaki kidogo."

Nilimwangalia huyo mzee nikafurahi sana, kwa sababu alikuwa amenipa ufunguo mwenyewe. Mafunzoni walituambia mnanaa hupunguza kichefuchefu, na sikatai. Lakini mnanaa wa Mzee Too ulikuwa na miaka ya mahubiri ndani yake. Pua yake ilikuwa imeshafunzwa kuvumilia kabla hajafika kwangu.

Tukaanza. Nilimbania pamba kwenye kola kwa pini. Nikamfunza avute kwa pua, atoe kwa mdomo polepole, na wakati wa kutoa ndipo ainuke. Asukume mikono ya kiti, asivute fremu ya kutembelea, maana fremu ukiivuta inakuja kukubusu. Siku ya kwanza aliinuka nusu. Baadaye akainuka kabisa, akakaa wima akinisimulia habari za ndama wake kama mtu aliye kwenye ua wake. Akizembea nilimwambia, "Kofia ya Joel inakusalimia." Hiyo nayo ilikuwa dawa, ingawa haina cheti.

Halafu, koito ikiwa imekaribia, mambo yakaharibika. Aliinuka, pamba ikiwa kwenye kola, akageuka rangi, akatapika juu ya viatu vyangu. Kesho yake tena. Na kesho yake tena. Siku hiyo ya tatu alikaa kwenye kiti, akajipangusa masharubu, akalia. Mzee wa makamo yake, analia bila sauti mbele ya mwanamke Mkisii.

"Ambia Joel akuje na kofia," akasema.

Nilimhurumia mpaka nikakasirika. Nilikasirikia chupa, nikakasirikia mwalimu wa mafunzo, nikakasirikia hata Ouma. Nikapima presha, ilikuwa sawa. Nikaangalia dawa zake, hazikubadilishwa. Nikainama kufuta kiatu changu, na hapo ndipo nilipoona vipunje vyeusi kwenye yale matapishi, vya mkaa. Nikaelewa.

Nilimngoja mkewe, Mama Chebet, saa ya kuona wagonjwa. Mama mpole, ameshika biblia mkono mmoja na thamosi mkono wa pili.

"Mama, umembebea chai?"

"Eeh, chai," akasema, akaangalia dirisha.

Nikafungua thamosi. Ilikuwa mursik, yale maziwa yao yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, mazito, yenye ladha ya moshi. Alikuwa anamletea kila siku apate nguvu za koito, na mzee alikuwa anapiga vikombe viwili vya haraka kabla tu ya kuletwa kwangu. Dawa ya maumivu, vikombe viwili vya mursik, kisha kuinuka ghafla. Hata mimi ambaye sijavunjika ningetapika.

"Mama Chebet, unataka mume wako asimame ama aogelee?"

"Mtu hawezi kusimama na tumbo tupu, daktari," akasema. Na hakuwa amekosea.

Tukapatana. Kabla ya mazoezi apate mkate mkavu kidogo na chai. Mursik ikae juu ya dirisha mahali anapoiona, na akisimama vizuri ndipo anywe. Wiki ile Mzee Too alisimama kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumwona, macho yakiwa kwenye thamosi.

Vijana, kabla hamjalaumu pua, ulizeni tumbo. Na msiulize mgonjwa, ulizeni mwenye thamosi.

Alipotoka hospitalini nilimpa kichupa kidogo cha mnanaa. Nikamwambia siku ya koito atie tone moja kwenye kitambaa, akiweke kwenye mfuko wa juu wa koti. Hakutaka pamba kwenye kola, alisema wakwe watadhani amefungwa bandeji. Nikamwambia mafuta hayo yasiguse ngozi hivi hivi, na yasikaribie macho kabisa, yanawaka kuliko pilipili.

"Nimesikia, taktari."

Nimefanya kazi miaka mingi. Mzee akisema amesikia, maana yake mazungumzo yameisha.

Nilialikwa koito, nikaenda Kimulot na gauni langu zuri. Kulikuwa na hema, viti vimevishwa vitambaa, MC na maikrofoni yake, na ng'ombe wakichungulia kwenye ua. Watu wa Bomet waliongozwa na mjomba wa kijana, mtu mkavu ambaye tangu asubuhi hakuwa ametabasamu hata kwa chakula. Joel aliketi mstari wa mbele, kofia kichwani, tayari. Mzee Too alikuwa kwenye kiti chenye mikono, fremu mbele yake, masharubu yanang'aa.

Wakati ukafika. Mama Chebet akaleta kibuyu kidogo cha siagi. Mimi nikaangalia mfuko wa koti la Mzee Too kutafuta kitambaa. Palikuwa na ua la plastiki tu. Nikaanza kutafuta kibeseni kwa macho.

Joel naye alikuwa ameona kaka yake hajainuka. Akaanza kuinuka.

Mzee Too akachovya kidole kwenye siagi, akajipaka kidogo chini ya pua, kwenye masharubu. Akafumba macho. Akavuta kwa pua. Watu wakadhani anaomba, wanaume wakavua kofia, na Joel ikabidi avue yake pia. Kisha akatoa pumzi kwa mdomo, akasukuma mikono ya kiti, hakuvuta fremu, akainuka mpaka juu. Akasimama kama mlingoti. Na upepo ukaniletea harufu mstari wa pili, nikajua kichupa changu kilikuwa kimekwenda wapi. Hakutia tone. Alikimwaga chote kwenye siagi.

Akampaka Chebet, akampaka kijana. Akawapaka wazazi wa kijana, akampaka mjomba, akisema maneno ya baraka polepole, mkono mmoja kwenye fremu. Lakini jua lilikuwa kali, na siagi ni siagi. Ikayeyuka, ikateremka kwenye nyusi, ikaingia machoni. Chebet akaanza kulia. Kijana akalia. Mama yake alijifuta kwa mkono ule ule alioshika nao paji, akalia maradufu. Halafu yule mjomba mkavu, aliyekuwa anapigana na uso wake, akashindwa, machozi yakamwagika hadi kwenye tai.

"Hamjaona baraka hivi," MC akasema kwenye maikrofoni, sauti ikitetemeka. "Bomet inalia. Kimulot inalia. Mungu yuko hapa."

Kina mama wakaanza wimbo. Nilitaka kusimama niwaambie wasisugue macho, lakini Mzee Too bado alikuwa amesimama, na singemkatiza kwa lolote. Alipoketi tu nikakimbilia jikoni, nikachukua maziwa baridi na vitambaa safi, nikaanza kuwafuta mmoja mmoja, maana maji yangezidi kuueneza moto. Watu wakadhani ni baraka ya Kisii. Wengine ambao hawakuwa wamepakwa kitu wakapanga foleni nyuma, nami nikawafuta pia, ningefanyaje.

Mjomba alipoweza kufungua jicho moja alimwinamia Mzee Too.

"Ndugu yangu, nimeenda koito nyingi. Ng'ombe wako wanakula nini?"

Mzee wa kanisa hadanganyi. "Nyasi," akasema.

Joel alikuja akiwa ameshika kofia mkononi. Alitaka kusema jambo, akakosa, akaiweka tu kichwani mwa kaka yake, na ikamkaa vizuri kuliko ilivyomkaa yeye. Mzee Too hakuitoa.

Nilikuwa nakusanya vitambaa vyangu niliposikia kiti kikilia nyuma yangu. Niligeuka nikamwona anainuka tena. Masharubu yalikuwa yameshafutwa kwa maziwa, nilikuwa nimeyafuta mwenyewe, na hakunusa kitu chochote. Alisukuma kiti, akasimama, akasogeza fremu, hatua, hatua, akanifikia. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia kwenye fremu. Akachovya kidole.

"Mzee, mimi si mkwe," nikamwambia.

"Wewe nyamaza." Akaniinamia karibu na sikio ili watu wa Bomet wasisikie. "Funga macho, taktari."

Nikayafunga, lakini machozi yalikuwa yameshatangulia.